Sahihi za Duara

Wanawake kumi na wanne walitia sahihi barua ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kwanza. Walitumia sahani. Binti aliilaza kifudifudi katikati ya karatasi, akaizungushia kalamu, kisha akaiondoa. "Sasa kila mtu aandike jina lake kwenye ukingo wa duara," alisema. "Karatasi ndiyo izunguke, nyinyi kaeni. Mkimaliza, hakuna atakayejua nani alianza."

Ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa Mama, chumba ambacho siku za kawaida kilitosha watu watano, nao wakibanana. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya serikali, yeye na hao wenzake kumi na watatu. Wiki iliyotangulia sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka la wodi ya upasuaji ilimchoma kiganjani, na ilikuwa ya tatu kumchoma kwa mwaka ule. Walimpa vidonge vya kinga vya mwezi mzima, vikawa vinamtapisha kila asubuhi, lakini siku ya kupumzika hawakumpa hata moja. Barua yenyewe haikuwa na makuu. Iliomba glavu nene, na iliomba wauguzi wayakung'ute mashuka kabla ya kuyateremsha kufuliwa.

"Na mimi nitie sahihi?" Baba aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa fundi viatu, na mlango wa nyumba ndio uliokuwa karakana yake. "Karibu miaka kumi nalala na mtu anayenuka klorini. Mimi ni mwathirika."

"Wewe shona soli, unyamaze," Mama alisema, na wanawake wakacheka mpaka karatasi ikatikisika mezani.

Mrefu alikuwa wa mwisho kupewa kalamu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakukuwa na mlango aliopita bila kuinama, na alikuwa rafiki wa Mama tangu siku ya kwanza walipopangwa beseni moja. Aliigeuza karatasi huku na huku, akakodoa macho. "Mwanangu, hili jambo mmefundishwa chuoni kweli, au umeliota?"

"Tumefundishwa, mama mdogo. Mwalimu anasema zamani aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ndiye aliyefukuzwa. Ndipo watu wakabuni duara."

"Basi Mwalimu wenu ana akili," Mrefu alisema, akaandika.

Mama hakuwa na amani hata hivyo. Wafuaji wote walikuwa kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, lakini ulikuwepo waraka uliosema kwamba atakayefikisha miaka kumi mfululizo ataajiriwa moja kwa moja, mwenye likizo, matibabu na kiinua mgongo. Mama alikuwa na miaka tisa na miezi minane. Miezi minne tu, alisema kila alipoamka kutapika. Wageni walipoondoka alimvuta bintiye jikoni na kumwuliza kwa mara ya tatu, "Una hakika?"

"Mama, ndiyo maana ni duara."

*

Barua iliingizwa chini ya mlango wa katibu wa hospitali, mtu ambaye saini yake ilihitajika hata kwa sabuni. Aliizungusha kutafuta mwanzo, akaizungusha tena, akakosa pa kushika. Akawaita wote kumi na wanne, akawapanga ukutani nje ya ofisi yake, wagonjwa wakipita, akauliza ni nani aliyeanzisha. Wanawake waliangalia buti zao. Angewafukuza wote, na nani angefua? Baada ya wiki mbili likaja boksi la glavu za kijani, nene, za kufika kwenye kiwiko, jozi kumi na nne.

Mama alizipenda glavu zile kwa namna ya kuchekesha. Alizivaa akifua, akizivua alizikausha kwanza kwa kanga yake, na Mrefu alidai kwamba siku moja alimkuta akinywa chai amezivaa.

"Msomi," Baba alimwambia bintiye jioni ya siku zilipoletwa, "sasa mwandikieni na mwenye nyumba duara, apunguze kodi."

Ilikuwa muda mrefu nyumba hiyo haijacheka hivyo, na kama hadithi hii ingeweza kukomea hapo, ningeikomesha.

*

Binti alikuwa mwaka wa mwisho akisomea ustawi wa jamii, na muhula huo alikuwa amepangiwa mafunzo ya vitendo katika ofisi ya ustawi ya hospitali hiyohiyo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwahamasisha watu wadai jambo lao wenyewe, kisha aandike taarifa. Somo lilifundishwa na mwanamke wa makamo ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Watu wote walimwita Mwalimu tu. Aliliamini somo lake. Aliwahi kulala mahabusu kwa ajili yake alipokuwa kijana, na hakulisimulia hilo ila akibanwa. Siku hizi alikuwa na wanafunzi themanini na sita katika chumba cha watu arobaini, na mkataba wa muhula mmoja mmoja, uliomfanya awe mpole kwa watu ambao zamani angewajibu.

"Mwalimu," Binti alisema akiwa mbele ya meza yake, mwongozo wa taarifa mkononi, "kiambatisho cha pili kinataka jedwali la washiriki. Namba, jina, kitengo, wadhifa katika kikundi."

"Ndiyo."

"Wangu wako kwenye duara."

Mwalimu alivaa miwani, akamtazama kwa furaha ya kweli. "Ulilitumia! Na wakapewa?"

"Walipewa glavu, Mwalimu. Wote."

"Hongera, mwanangu. Hongera sana." Furaha ikamtoka polepole. "Lakini jedwali utaliweka. Anayesahihisha pamoja nami hajawahi kukaa darasani kwangu, anakaa na mwongozo. Bila jedwali unapoteza alama kumi na tano."

"Na nafasi ya wadhifa? Hawakuwa na viongozi."

"Usiache nafasi wazi, atakukata. Jaza tu. Hii ni karatasi ya ndani, haiendi popote."

Alisema hivyo kwa sababu aliamini hivyo, na kwa sababu nyuma ya Binti walikuwa wamesimama wanafunzi wengine kumi na mmoja, kila mmoja na swali lake.

Alasiri hiyo Binti alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba, picha ya barua ikiwa kwenye simu yake. Duara halina mwanzo, lakini jedwali lina namba moja, na namba moja lazima ijazwe. Aliigeuza simu. Majina mengine yalikuwa yamekwaruzwa, mengine yamepinda, na moja alilijua kabla hajalisoma. Akaanza na hilo. Alipofika kwenye nafasi ya wadhifa alifikiri kidogo, akaandika: Mwenyekiti. Wengine wote aliwaandika wajumbe.

Tusimsingizie kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya alama. Maisha yake yote jina la mama yake alikuwa ameliona kwenye kadi ya kliniki na kwenye daftari la deni la duka, limeandikwa kwa haraka na watu wasiojali herufi. Sasa lilikuwa limepigwa chapa, zuri, juu ya majina yote, na cheo pembeni. Alilitazama kwa muda mrefu. Alijiona amempa mama yake kitu.

Kila mwisho wa muhula idara iliteua taarifa bora na kupeleka nakala katika taasisi iliyompokea mwanafunzi, pamoja na barua ya shukrani, ili mwaka ujao wapokee wengine. Mwalimu alikuwa akifanya hivyo miaka yote, na kwa kuwa ni jambo la kila mwaka, halikumjia akilini siku ile alipomwambia Binti kwamba karatasi haiendi popote. Aliiteua taarifa ya Binti. Alikuwa ameisoma mara mbili, ya pili kwa kujifurahisha. Viambatisho hakuvifungua, maana hivyo vilikuwa kazi ya yule wa mwongozo. Aliandika barua ya shukrani kwa mkono wake mwenyewe na kuifunga kwenye bahasha pamoja na taarifa nzima, na mhudumu wa chuo akaipeleka Jumatano.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mama aliitwa juu. Alinawa mikono, akavua aproni ya plastiki, akapanda ngazi na buti zake. Ofisini kwa katibu kulikuwa na kiti kimoja cha wageni, nacho kilikuwa na mafaili. Katibu hakuyaondoa.

"Kumbe wewe ndiye mwenyekiti," alisema.

"Mwenyekiti wa nini, bosi? Mimi hata kukaa sikai. Nafua nimesimama."

Hakucheka. Aliweka kiganja juu ya karatasi, akafunika sehemu ya juu, akasoma kwa sauti jina lote la Mama, lile la kwenye cheti, ambalo hospitalini hakuna aliyewahi kulitumia. "Namba moja. Kitengo cha kufulia. Wadhifa: mwenyekiti."

"Nani amesema?"

"Imeandikwa. Tena imepigwa chapa."

"Nani ameandika?"

"Mtu anayekufahamu vizuri, naona," katibu alisema, na hapo ndipo alipokaribia kutabasamu. "Mkataba wako unaisha leo saa kumi. Tuelewane, mama, hatukufukuzi. Unaisha wenyewe."

"Bosi, imebaki miezi mitatu tu nifikishe miaka kumi."

"Ndiyo. Nimeona."

Mama alipiga magoti. Hakuwa amepanga kupiga magoti, alijikuta chini tu, goti moja limekanyaga kona ya zulia. Alimwambia ana mtoto chuoni, kwamba mume wake anapata wateja wawili kwa siku, kwamba hatazungumza tena na mtu yeyote, afue peke yake hata stoo. Katibu aliinuka, akafungua mlango, akaushikilia wazi kwa adabu.

"Glavu mliomba, mkapewa. Mimi sina ubaya na mtu. Lakini nikiwa na mwenyekiti kule chini, kesho nitakuwa na mweka hazina. Shuka, mama. Nina kikao."

Akashuka. Na kila ngazi aliyoishuka alikuwa akijiuliza swali moja: nani? Mtu anayemfahamu vizuri. Jana yake Mrefu alikuwa amepanda kwenye ofisi hiyohiyo, akarudi amekunjua uso, akisema ameomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki na amekubaliwa. Amekubaliwa! Lini katibu yule aliwahi kumkubalia mfuaji kitu? Mama alipofika mlango wa chumba cha kufulia jibu alikuwa nalo.

"Umeniuza kwa bei gani?"

Mrefu aliinua kichwa kutoka kwenye mvuke. "Nini, dada?"

"Usiniite dada! Mume wako alipokutupa nje na kanga moja, nani alikulaza? Uliponyonyesha mtoto wa mume wa mtu, nani alikuficha? Watu hawa hawajui, leo wajue!" Na akawaambia. Yote aliyoyatunza kwa miaka tisa aliyamwaga pale, mbele ya wanawake kumi na wawili na mhudumu wa jiko la hospitali aliyekuja kuchukua vitambaa. Mrefu alivua glavu za kijani, moja, kisha nyingine, akazilaza ukingoni mwa beseni, akatoka nje.

Saa kumi mtunza stoo alipokea vifaa vya serikali. Aproni moja. Glavu jozi moja. Buti jozi moja.

"Nimekuja nimezivaa kutoka nyumbani," Mama alisema. "Sina viatu vingine hapa. Nizilete kesho?"

"Kesho wewe si mfanyakazi, mama. Getini watakuzuia. Taratibu tu." Hakuwa mtu mbaya, na alitazama pembeni Mama alipokuwa akivua. "Weka sahihi hapa."

Hivyo ndivyo mke wa fundi viatu alivyorudi nyumbani pekupeku, akipita katikati ya mji na watu wanamwona.

*

Binti alikuwa amekwisha fika, matokeo yake mkononi. Alama tisini na mbili, za juu kuliko wote. Baba alikuwa amemtuma duka la jirani alete soda tatu kwa mkopo, na soda zilikuwa zimepangwa juu ya boksi la misumari zikimngoja Mama.

Baba aliona miguu kabla ya uso. "Buti ziko wapi?"

"Za serikali zimerudi serikalini." Mama aliketi kwenye stuli ya wateja. "Unga umemwagika, baba watoto. Umemwagika wote."

Akawasimulia. Alisimulia kwa utulivu, hata goti kwenye zulia alilitaja, na alipofika kwa Mrefu sauti ikapanda. "Nyoka yule! Kampelekea katibu orodha imepigwa chapa, ina mistari kabisa. Namba, jina, kitengo, wadhifa. Mimi mwenyekiti! Uenyekiti wenyewe nimeusikia ofisini."

Binti alikuwa ameshika chupa ya soda. Aliiweka chini taratibu.

"Mama. Hiyo karatasi ni yangu."

Barabarani mtu alipita akimkaripia mbuzi. Binti alieleza kuhusu mwongozo, na kiambatisho cha pili, na nafasi isiyotakiwa kubaki wazi, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya kipumbavu mdomoni mwake.

"Mlikuwa kumi na wanne," Mama alisema mwishowe. "Kwa nini mimi ndiye wa kwanza?"

"Kwa sababu wewe ni mama yangu."

Mama alimtazama mtoto wake. Alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na alikuwa amechoka mno kwa vyote viwili. Akaingia ndani, akamimina maji kwenye beseni, akaanza kusugua nyayo zake. Baba, ambaye tangu aoe hakuwahi kukosa la kusema, alichukua kiatu cha mteja na kupigilia msumari kwenye soli ambayo tayari ilikuwa na misumari ya kutosha. Soda hazikufunguliwa. Kesho yake zilirudishwa dukani.

"Mrefu!" Mama alisema ghafla akiwa ndani. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Alikwenda kwake asubuhi iliyofuata. Mrefu hakufungua. Alizungumza kupitia mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwambia mgeni kwamba baba hayupo.

"Ungenipiga ningekusamehe siku hiyohiyo. Lakini umenivua nguo mbele za watu, na wale ndio watu ninaofua nao kila siku. Nenda nyumbani, dada."

*

Binti alijikaza kisabuni. Aliandika barua mpya, akalaza sahani kifudifudi, akachora duara, akaenda nayo mlango kwa mlango siku tano, akiwaomba wafuaji wamtetee mwenzao. Darasani alikuwa amefundishwa jinsi ya kuwasikiliza watu wenye hofu, asiwasukume, aulize maswali yaliyo wazi. Aliuliza. Mmoja alisema mumewe amekataza. Mmoja alijificha chooni mpaka alipoondoka. Mmoja, mama mtu mzima, alimpa maji ya kunywa, akamketisha, kisha akamrudishia karatasi yake. "Mwanangu, duara lenu lina mdomo," alisema.

Mrefu safari hii alifungua mlango, kwa sababu hakujua ni nani. Aliisoma barua yote akiwa amesimama, mtoto wa nne kiunoni.

"Mimi kwa mama yako ningeweka sahihi hata namba moja, bila sahani," alisema. "Hiyo ilikuwa zamani."

Duara likabaki na jina moja, la Binti mwenyewe, ambaye hakuwa mfuaji.

Mwalimu alipoambiwa alikuja nyumbani siku hiyohiyo, akaketi kwenye stuli ya wateja, na kabla hajaamkiwa vizuri akaanza kulia. "Ni kosa langu," alisema. "Bahasha niliifunga kwa mkono huu." Alikuwa ameshakwenda kwa katibu, na katibu alimkaribisha chai, akamwonyesha mkataba, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, hakuna sheria iliyovunjwa. Alikuwa ameshampigia wakili anayemfahamu, na wakili alisema vilevile. Mama alimletea maji. Hakuwa na hasira naye, na hilo Mwalimu aliliona, likamuumiza zaidi.

"Nataka uje uzungumze na darasa langu," Mwalimu alisema. "Wale watakaokwenda mafunzoni mwakani. Wasikie kwako, wasirudie. Chuo kinalipa nauli ya mgeni na posho kidogo."

Mama alikuwa akifua sasa katika nyumba za watu, siku tatu kwa wiki, bila glavu. Alifikiri kuhusu posho. "Nitakuja," alisema.

*

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Binti, aliyekuwa amebakiza wiki moja amalize chuo, alisimama nyuma karibu na mlango. Mwalimu alisimulia kisa chote, na alipofika kwenye bahasha alisema wazi, "Kosa lilikuwa langu," na wanafunzi wakaliandika hilo pia. Kisha akamkaribisha Mama mbele. Mama alikuwa amevaa viatu ambavyo Baba alivikeshea, vyeusi, vimeng'aa kuliko vya mtu yeyote mle ndani. Aliongea dakika tano. Kuhusu sindano, kuhusu glavu, kuhusu zulia.

Kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alinyoosha mkono. "Asante kwa kutushirikisha, mama. Ningependa kujua, mchakato huu umekujengea uwezo gani?"

Mama alifikiri kwa dhati, kwa sababu kijana aliuliza kwa heshima. "Sijajengewa kitu," alisema. "Glavu zipo. Wenzangu wanavaa. Mimi sipo."

Walimpigia makofi. Kiongozi wa darasa akaja na fomu ya mahudhurio, yenye mistari na namba, akaiweka mezani mbele yake na kalamu juu. "Mgeni anaanza, mama. Namba moja ni yako."

Mama aliiangalia ile fomu. Aliinua macho mpaka kule nyuma mlangoni, kwa mwanawe, kisha akaisukuma fomu kwa msichana aliyekaa karibu. "Anzeni nyinyi," alisema. Ilizunguka darasa zima, dawati kwa dawati, na iliporudi alitia sahihi chini kabisa, baada ya namba ya mwisho, pale ambapo hapakuwa na mstari.

Dirishani kwa mhasibu waliambiwa hapana. "Mgeni ni namba moja," mhasibu alisema, akiwageuzia fomu waone. "Hapa namba moja ni mwanafunzi. Na huyu wa chini hana namba. Leteni fomu nyingine Jumatatu, na saini ya mkuu wa idara."

Mwalimu alifungua mkoba wake mwenyewe. Mama alimshika mkono. "Acha, Mwalimu. Na wewe mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi," Mwalimu alisema.

"Basi weka hizo."

Wakatembea, mama na binti, kwa sababu nauli ilikuwa ndiyo ile waliyoitegemea. Jua lilikuwa kali. Walikuwa wamefika nusu ya njia, usawa wa ukuta wa hospitali, Mama alipouliza, "Ulipata ngapi vile?"

"Tisini na mbili."

"Kati ya mia?"

"Ndiyo."

"Nane zilikwenda wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Binti alikuwa akiomba mtu asimwulize. Alipiga hatua kadhaa. "Kiambatisho cha pili. Yule wa mwongozo alisema majina yalitakiwa yapangwe kwa alfabeti."

Mama aliendelea kutembea huku akihesabu kwenye vidole, midomo ikicheza. Aliwajua wote kumi na watatu, na majina yao ya kwenye cheti, kwa sababu miaka tisa walijipanga foleni moja siku ya mshahara wakiitwa. Alihesabu mkono mmoja, akahamia wa pili, akarudi kwenye wa kwanza.

"Ningekuwa wa kumi na moja."

"Ndiyo, Mama."

"Wa kumi na moja hakuna anayemwita ofisini."

"Hapana."

Nyuma ya ukuta mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka. Walisikia maji yakimwagwa, na mwanamke mmoja akimwita mwenzake amletee beseni.

"Na wa kwanza?" Mama aliuliza. Alikuwa anajua, vidole vilikuwa vimeshamwambia, lakini alitaka kusikia.

"Mrefu."

Mama alisimama. Aligeukia ukuta, akapangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Ana watoto wanne, yule," alisema. "Usije ukamwambia."